Vikapu vipya vya gofu ya diski: Tabora ipime nini?

Katika gofu ya diski, mwamuzi ni kikapu. Mchezaji anarusha diski ya plastiki kutoka mahali pa kuanzia, anaifuata ilipoangukia, anarusha tena, na kuendelea hivyo mpaka itulie ndani ya kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo. Anayemaliza uwanja kwa mitupo michache ndiye mshindi. Kikapu kikiipokea diski, hesabu ya shimo hilo, kama kila kituo cha uwanja kinavyoitwa, imefungwa. Kikiitema, mtupo unaongezeka, na hakuna pa kukata rufaa. Kwa hiyo anayechora kikapu kipya anagusa haki ya mchezo wenyewe, na ndiyo maana nachukulia suala hili kwa uzito.

Miaka ya karibuni watengenezaji wameshindana zaidi kwa wingi wa minyororo. Innova ya Marekani imeiweka hesabu kwenye jina la bidhaa: DISCatcher Pro 28, yaani minyororo 28. DGA wana Mach X, ambayo minyororo yake ya ndani imepishanishwa kwa mkato badala ya kuning'inia wima. Discraft, Dynamic Discs, MVP na Latitude 64 ya Sweden nao wana vikapu vyao, na kila toleo jipya huja na ahadi kwamba litashika diski ambazo la zamani lilizitema. Sina ugomvi na vikapu hivyo. Ni kazi ya watu wanaoujua mchezo. Ninachopinga ni kuvitumia kama kipimo cha kila mahali. Mengi kati ya marekebisho hayo yalifanywa kwa ajili ya mabingwa wanaorusha kwa nguvu kubwa mbele ya kamera, na mji unaotaka kuanza mchezo huu ukiyafuata kwa kuhesabu minyororo utakuwa unanunua dawa ya ugonjwa wa jirani.

Nazungumzia Tabora kwa sababu ndiko niliko, na kwa sababu naamini mji huu una karibu kila kitu ambacho mchezo huu unahitaji. Shule zetu za zamani zina viwanja vipana. Tuna miembe mikubwa iliyosimama tangu enzi za misafara, ardhi tambarare isiyochosha miguu, na nje kidogo ya mji kuna miombo inayotoa njia nyembamba za kurushia, ambazo nchi nyingine watu hulipa wabunifu wazichore. Kilichobaki ni kikapu. Swali ni kikapu cha aina gani, kwa fedha ipi, na nani atakirekebisha kikivunjika.

Nianze na asili yake, kwa sababu inaeleza mengi. Ed Headrick alikuwa mbunifu katika kampuni ya Wham-O, ndiye aliyeiboresha frisbi tunayoijua leo. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa Oak Grove, California, na shabaha zake zilikuwa nguzo tupu. Mchezaji alitakiwa kuigonga nguzo. Mara moja ubishi ukaanza: imegusa, haijagusa, nimesikia, hukusikia. Headrick na mwanawe Ken wakaja na kikapu chenye minyororo ili diski ibaki mahali ambapo kila mtu anaiona, na hataza ya kifaa hicho ilitolewa mwaka 1977. Mwaka 1976 Headrick alikuwa ameanzisha PDGA, chama kinachosimamia kanuni za mchezo huu duniani hadi sasa. Kikapu basi kilizaliwa kumaliza ubishi. Sifa nyingine zote, mwonekano, rangi, mlio wa minyororo, zilifuata baadaye.

Kanuni ya sasa bado inafuata wazo hilo: mchezaji aiachie diski, nayo itulie ikiwa imeshikiliwa na kapu la chini au na minyororo. Kitendo cha kupita karibu au kugonga kwa kelele hakihesabiki.

Sasa tuangalie kikapu kinavyoshika. Diski ya kumalizia, ile inayorushwa kwa umbali mfupi, ina kipenyo cha sentimita 21 na kidogo. PDGA hairuhusu diski yenye kipenyo chini ya sentimita 21, wala uzito unaozidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, ndiyo maana diski nyingi za kumalizia huishia kwenye gramu 175 hivi. Kitu cha uzito huo kikija kwa kasi, nguvu yake lazima iende mahali. Mnyororo huichukua kwa kusogea: pete zinainuka, zinagongana, zinasuguana, na diski inapoteza mwendo mpaka idondoke kwenye kapu. Mnyororo uliolegea kiasi hufanya kazi hii vizuri. Mnyororo uliobanwa, au uliosongamana na wenzake mpaka hauna nafasi ya kusogea, huwa kama ukuta, na ukuta hurudisha diski ilikotoka.

Hapa ndipo hesabu ya minyororo inapoanza kupoteza maana. Chukua ringi ya juu yenye kipenyo cha sentimita 54. Mzingo wake ni takriban sentimita 170. Ukitundika minyororo 12 ya nje kwa nafasi sawa, pengo kati ya mmoja na mwingine ni sentimita 14, na linazidi kupungua kadiri minyororo inavyoshuka kuelekea kwenye mlingoti, ile nguzo ya katikati inayobeba kikapu. Diski ya sentimita 21 ikija bapa haiwezi kupita kwenye pengo hilo bila kugusa walau mnyororo mmoja. Ukiongeza ya nje hadi 18, pengo linashuka hadi sentimita tisa na kitu, na diski itagusa miwili kila mara. Hiyo ni faida, sikatai. Lakini diski nyingi zinazotemwa hazikukosa kugusa mnyororo. Zimeugusa, zikausukuma pembeni, zikatokea upande wa pili. Au zimekwenda moja kwa moja kwenye chuma cha mlingoti na kuruka nyuma. Ugonjwa wa kwanza unahitaji minyororo ya ndani. Wa pili pia unahitaji minyororo ya ndani. Kuongeza ya nje hakutibu wowote kati ya hiyo miwili.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo ya vikapu huligusa kwa nadra, nalo mimi naliona muhimu kuliko yote. Kikapu hakiwatendei sawa watu wote. Mtu wa mkono wa kulia akirusha kwa mtindo wa kawaida, mkono ukipita mbele ya kifua, diski yake inazunguka kufuata mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Maana yake ukingo wake wa kushoto unakwenda mbele na wa kulia unarudi nyuma. Diski hiyo ikigonga upande wa kulia wa mlingoti, msuguano unaivuta kuelekea kwenye mlingoti, nayo inakaa. Ikigonga upande wa kushoto, msuguano uleule unaisukuma nje, kushoto na mbele, na mara nyingi inachomoka. Wachezaji wazoefu wanalijua hilo, wanauita upande huo dhaifu, na hulenga kulia kidogo kwa makusudi. Mtu wa mkono wa kushoto mambo yake ni kinyume.

Sheria za mwendo hazibadiliki, kwa hiyo hakuna kikapu kitakachoondoa upande dhaifu kabisa. Lakini kikapu kizuri hupunguza tofauti. Minyororo ya ndani ikitundikwa katikati ya mlingoti na ile ya nje, ikalegezwa kidogo zaidi, diski iliyopenya upande dhaifu inakutana na pazia la pili kabla haijapata njia ya kutokea. Hapo ndipo wazo la Mach X la kuipishanisha minyororo ya ndani lina mantiki ya kweli: mnyororo unaokatiza njia kwa mshazari hausukumwi pembeni kirahisi kama unaoning'inia wima. Katika yote mapya niliyoyatazama, hilo ndilo ninaloliona kuwa fikra, siyo nyongeza tu.

Vinundu vya ukingo wa kapu navyo vimeleta mjadala mrefu. Vikapu vya zamani viliacha ncha za vyuma zikijitokeza juu ya ukingo wa kapu, na diski iliyokuwa inaingia kwa shida iligonga ncha hizo na kuruka bila mtu kujua itaelekea wapi. Vipya vingi vina ukingo laini. Nakubaliana na mabadiliko hayo bila kusita. Kwa watoto yana faida ya pili: ncha ya chuma kwenye kimo cha kifua cha mtoto ni hatari, iwe diski ipo au haipo.

Na vipo vikapu vilivyopunguzwa ukubwa makusudi. Hoja ya wanaovitaka ni kwamba mabingwa wa leo wanapata karibu kila mtupo wakiwa ndani ya mita 10, yaani ndani ya duara ambalo kanuni zinamtaka mchezaji atulie kabla ya kusogea mbele ya alama yake. Mchezo umekuwa rahisi mno kwao, wanasema, basi shabaha ipungue. Kwa mashindano ya ubingwa wa dunia wanaweza kuwa na hoja. Kwa uwanja wa umma ni kosa. Mwanafunzi anayeshika diski kwa mara ya kwanza anahitaji kuiona inakaa. Akirusha vizuri ikatemwa, akarusha tena ikatemwa, atarudi kwenye mpira wa miguu, na atakuwa na haki. Vikapu hivyo vibaki kuwa vya mazoezi.

Mwezi Juni 2021, kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia huko Ogden, Utah, James Conrad alikuwa nyuma ya Paul McBeth kwa mtupo mmoja na limebaki shimo moja. Alikuwa umbali wa takriban mita 75 kutoka kwenye kikapu. Akarusha, diski ikapinda, ikaingia moja kwa moja kwenye minyororo na kukaa. Wakaenda kwenye shimo la nyongeza, Conrad akashinda. Wengi hukumbuka mtupo. Mimi hukumbuka pia kwamba diski iliyosafiri umbali huo ilifika ikiwa na nguvu ambayo mtupo wa kawaida wa kumalizia hauna, na kikapu kiliimeza. Ukiongeza kasi mara mbili, nguvu ya kugonga inakuwa mara nne, kwa hiyo kikapu cha mabingwa lazima kijengwe kwa ajili ya mitupo kama huo. Ni halali kabisa kwao. Lakini ni wangapi kati yetu watakaokiletea kikapu cha Tabora diski yenye nguvu hiyo katika mwaka wake wa kwanza?

Nilikipeleka kipimo cha kikapu kwa fundi mmoja wa kuchomelea hapa mjini, mtu mzima, anayetengeneza mageti na matoroli. Aliutazama mchoro kwa muda, kisha akaniambia, "Kaka, minyororo haina shida. Shida ni ringi. Ukikunja ringi kwa jicho utapata yai." Alikuwa sahihi kuliko makala nyingi nilizosoma. Ringi ya juu ikiwa yai, mapengo hayalingani, minyororo ya upande mmoja inabana na ya upande mwingine inapwaya, na hapo umeunda kikapu chenye pande mbili dhaifu. Dawa yake ni kutengeneza kwanza umbo la chuma la kukunjia, ringi zote zipite humo, ndipo kuchomelea kuanze. Umbo hilo moja linatosha kwa vikapu vyote vya uwanja. Chuo cha VETA kinaweza kulifanya kuwa somo la vitendo, na Tabora ni mji wa reli. Mikono ya chuma haijawahi kuwa haba hapa.

Fundi akauliza pia kimo. Hapo jibu lipo tayari: ukingo wa kapu uwe sentimita 82 kutoka ardhini, na kanuni inaruhusu ipungue au iongezeke kwa sentimita 6. Nilimwomba alenge 82 kamili, kwa sababu ardhi yetu ya kichanga inahama. Mvua za Novemba hadi Aprili zikichimba chini ya kikapu, ukingo utapanda wenyewe.

Rudi sasa kwenye minyororo, tuihesabu kwa namna ya mnunuzi. Mnyororo wa waya wa milimita 5 una uzito wa takriban nusu kilo kwa mita. Tuseme kila kipande kina sentimita 65. Kikapu cha vipande 18, yaani 12 vya nje na 6 vya ndani, kinataka karibu mita 12. Cha vipande 28 kinataka zaidi ya mita 18. Kwa uwanja wa mashimo 18 tofauti ni mita 117 za mnyororo, karibu kilo 60 za chuma. Mita 117 zinatosha kuvika vikapu vingine tisa vya vipande 18, yaani uwanja mdogo wa pili wa mashimo 9 kwenye shule nyingine. Nikipewa nafasi ya kuchagua kati ya kikapu kinachoshika vizuri kidogo zaidi na shule ya pili inayocheza, sihitaji muda wa kufikiri.

Mpangilio wa 12 na 6 si uvumbuzi wangu. Vikapu vingi vya kawaida vimejengwa hivyo kwa miaka mingi na watu wamecheza mashindano makubwa juu yake. Ninachoongeza ni kwamba kwa kazi yetu ndio wa kulenga, mradi ile 6 ya ndani ipewe nafasi yake ya kulegea na isibanwe kwenye mlingoti kama pambo.

Kutu ni adui wa polepole. Chuma kinacholindwa vizuri huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa, kwenye joto la nyuzi 450 hivi, na zinki hiyo huendelea kuliwa badala ya chuma hata rangi ikikwaruzwa. Hiyo si kazi ya gereji. Mnyororo wa dukani umepakwa zinki nyembamba tu, na kwa kuwa pete zake zinasuguana kila diski inapogonga, ganda hilo litaisha mapema. Rangi nayo haikai kwenye mnyororo. Kwa hiyo tukubali tangu mwanzo kwamba fremu itapakwa rangi na kudumu, na minyororo itabadilishwa baada ya misimu kadhaa. Kikapu ambacho minyororo yake imechomelewa moja kwa moja kwenye ringi kitakuwa mzigo siku hiyo. (Na fundi atakayechomelea kitu chenye zinki afanye hivyo nje penye hewa, aisugue zinki kwanza, kwa sababu moshi wake huleta homa na kifua kubana.)

Lakini mnyororo unaofunguka kirahisi unafunguka kwa kila mtu. Tunajua alama za barabarani na mifuniko ya mitaro inavyokwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kilo sita za mnyororo zikining'inia uwanjani usiku ni kishawishi, na hili ndilo jambo ambalo michoro ya kutoka nje haikulifikiria, wala haikupaswa kulifikiria. Vikapu vipya vingi vya kuagiza vinafungwa kwa bolti na nati ili viingie bapa ndani ya boksi na kupunguza gharama ya usafiri. Kwa meli ni busara. Kwa uwanja wa wazi Tabora, kila nati ni mwaliko.

Napendekeza kulabu za nondo zilizofungwa kwa nyundo mpaka zifumbe, ambazo mtu hazifungui bila msumeno wa chuma au grenda. Zinampunguza mwizi wa kupita njia. Fundi wetu akija mchana na grenda yake atazikata na kuweka mpya bila kugusa ringi. Pamoja na hilo, kikapu kisizikwe moja kwa moja. Zika bomba pana ndani ya zege, mlingoti uingie humo na kufungwa kwa kufuli. Mashimo yaliyo mbali na macho ya watu, vikapu vyake vinaweza kuchomolewa jioni na kulala stoo ya shule. Na faida ya mchezo inakuja bure: ukizika mabomba mawili kwa kila shimo, mwezi huu kikapu kinakaa nyuma ya mwembe, mwezi ujao kwenye uwazi, na uwanja wa mashimo 9 unachezeka kama viwili.

Kuna dogo ambalo lazima liandikwe kwenye mchoro kwa herufi kubwa: mlingoti uzibwe juu. Bomba lililo wazi Tabora halikai tupu. Nyuki wataingia, au manyigu, na mtoto atakayeinama kuchukua diski yake atalipa. Maji ya mvua nayo yataingia na kuliozesha kwa ndani ambako rangi haifiki. Kipande cha bati nene kilichochomelewa juu, na tundu dogo la kutolea unyevu chini, vinamaliza yote mawili.

Rangi ya mkanda wa juu nayo inastahili fikra zetu wenyewe. Mkanda wa njano wa Innova umekuwa alama ya mchezo duniani, na kwenye majani mabichi unaonekana vizuri. Hapa kwetu, kiangazi kikikolea, nyasi zote ni za rangi ya manjano iliyofifia. Nyekundu nayo inatusaliti: miombo huchipua majani mekundu kabla ya mvua, na mwezi wa Septemba na Oktoba mkanda mwekundu unapotea ndani ya msitu. Bluu haina mpinzani wakati wowote wa mwaka. Mchezaji aliye umbali wa mita 80 lazima akione kikapu kabla hajafikiria kukifikia.

Najua jibu litakalotolewa na wanaotaka tuanze na vikapu vya kuagiza. PDGA ina viwango vitatu vya vikapu, cha msingi, cha kawaida na cha ubingwa, na inaidhinisha modeli moja moja. Kikapu cha gereji hakimo kwenye orodha yao. Siku Tabora ikitaka mashindano makubwa yenye kutambuliwa kimataifa, itabidi kuwe na vikapu vilivyoidhinishwa. Hoja hiyo ni ya kweli na sitaki kuipuuza. Lakini wachezaji ndio wanaoleta mashindano, na wachezaji wanatokana na viwanja vinavyochezeka kila jioni. Tukifuata vipimo vya PDGA kwa uaminifu, kimo, upana, ukingo laini, mchezaji aliyejifunza kwenye kikapu chetu hatashangaa akikutana na cha ubingwa mahali pengine. Vikapu vichache vya kuagiza vinaweza kuja baadaye, wakati tayari wapo watu wa kuvitumia.

Wapo pia wanaosema tusitumie kikapu kabisa, tupake rangi mashina ya miembe, mchezaji alenge shina. Kanuni zinaruhusu shabaha ya kugongwa, na kwa shule isiyo na shilingi ni mwanzo mzuri kabisa; nisingependa mwalimu yeyote asubiri chuma ndipo wanafunzi wacheze. Nguzo ya mti wa kuchimbia sishauri, mchwa wa Tabora hawatauacha umalize mwaka, labda uwe mninga, na mninga una kazi bora kuliko kugongwa na plastiki. Tatizo la shina ni lile lile la Oak Grove: imegusa, haijagusa. Watoto wawili wenye hasira na hakuna ushahidi. Kikapu kinaondoa hilo.

Kwa hiyo tujenge kimoja kwanza, tukijaribu kabla ya kuagiza kumi na saba vingine. Asubuhi mapema upepo haujaamka, wachezaji wawili wasimame mita 5 kisha mita 10, mmoja wa mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wote na diski za uzito uleule. Kila mmoja arushe hamsini katikati, hamsini kulia, hamsini kushoto. Nusu ya mitupo iwe laini, nusu ya nguvu. Mtu wa tatu aandike ngapi zimekaa na zilizotemwa zimetokea wapi. Tofauti kati ya upande imara na upande dhaifu ikiwa kubwa, legeza minyororo ya ndani pete moja, rudia. Zikiruka nyuma kutoka katikati, mlingoti haujafunikwa vya kutosha. Zikitokea kwenye ukingo wa ringi upande mmoja tu, ringi ni yai, na fundi airudishe kwenye umbo.

Kikishapita hapo, kiachwe uwanjani msimu mzima wa mvua, kikiwa na kufuli lake na mkanda wake wa bluu. Mwezi Mei kipimwe tena kwa mitupo ileile, na fundi aangalie kulabu, kimo cha ukingo, na ndani ya mlingoti. Kitakachokuwa kimeharibika ndicho cha kubadilisha kwenye mchoro kabla ya kukata nondo za cha pili.